Punda Akikata Kamba

Mtaje punda mbele ya mtu wa mjini, kichwani mwake kitakuja kimoja kati ya viwili: tusi la darasa la tatu, au kijana aliyenaswa uwanja wa ndege akiwa na kete za unga tumboni. Hilo la pili tumelizoesha sisi waandishi. "Punda wawili wanaswa." Msomaji anaelewa moja kwa moja, wala haulizi walikuwa wa rangi gani. Punda mwenyewe, yule mwenye masikio marefu na kwato, haandikwi. Nimekimbizana na habari za dhahabu kati ya Shinyanga na Geita kwa muda sasa, na kila nikipeleka wazo la habari linalomhusu punda naulizwa swali moja tu: "Kuna nini hapo?"

Basi hapa kwangu hakuna mhariri. Leo namwandika punda, na nitaanza na jambo dogo kabisa: namna ya kumkamata aliyetoroka bila wewe kuvunjika mbavu na bila yeye kuvunjika mguu. Unacheka? Cheka, halafu endelea kusoma. Ndani ya jambo hili dogo kuna swali ambalo limeninyima raha kwa miezi kadhaa, nami nitalifikia.

Wenzetu wa nchi nyingine wana maandishi mengi juu ya kumkamata farasi aliyetoroka. Sisi huku farasi hatuna. Si kwamba wazee wetu hawakumpenda, ila nchi hii haikumpenda yeye. Kuna ugonjwa wa virusi ambao wataalamu wanauita ugonjwa wa farasi wa Kiafrika. Huenezwa na usubi, vile vijidudu vidogo vinavyouma jioni, na ukiingia kwenye farasi wasio na kinga unaweza kuua wengi kuliko wanaopona. Halafu kulikuwa na mbung'o. Wakati wa Waingereza, makao ya utafiti wa mbung'o wa Tanganyika yalikuwa hapa hapa Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, bwana aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Serikali haikuweka ofisi hiyo Shinyanga kwa ajili ya mandhari. Pori lilikuwa limejaa mbung'o, na Wasukuma walilifyeka kwa mikono ili ng'ombe wapate pa kuishi.

Punda akabaki. Ugonjwa ule wa farasi mara nyingi humpitia juu juu tu. Na kwa nini asibaki wakati hapa ni kwao? Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa vinasaba vya punda kutoka pande nyingi za dunia, wa sasa na wa kale, na jibu lao lilikuwa kwamba punda alifugwa kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita, ndipo akasambaa duniani. Tunapenda kulalamika kwamba hatujavumbua kitu. Punda je?

Na kazi anaifanya. Kiangazi cha Kishapu wewe ukikiona utakiheshimu. Visima vya karibu vinakauka, na dumu moja la lita 20 ni kilo 20 kichwani kwa mama au binti. Punda mmoja anabeba madumu manne, au anavuta mkokoteni wenye madumu kumi na zaidi. Ukielekea Geita, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, utakuta mikokoteni ikipeleka maji na kuni na magunia ya mahindi kule ambako gari haliingii. Nyumba yenye punda na nyumba isiyo na punda zinaweza kutazamana mlango kwa mlango, lakini watoto wao hawafiki shuleni saa moja.

Kwa hiyo punda akikata kamba si kichekesho. Ni maji ya kesho yanayotimua mbio.

Nilishuhudia tukio kama hilo Katoro siku ya gulio. Anayeijua Katoro anajua: bodaboda, spika za wauza dawa za mende, mafungu ya nyanya na dagaa, watu kama siafu. Punda mmoja alichomoka kwenye mkokoteni wakati anafunguliwa. Kilichofuata ndicho ambacho sisi wanadamu hukifanya siku zote. Watoto walichukua fimbo. Vijana wakapiga miluzi. Bodaboda mbili zikaingia kazini, honi juu. Yule punda, ambaye mwanzoni alikuwa amesogea hatua kumi tu na kusimama, sasa akakimbia kweli kweli. Alipita juu ya fungu la nyanya, akampiga kikumbo mama muuza vitumbua, akaelekea barabara kuu.

Mzee mwenye punda hakukimbia hata hatua moja. Aliwaita wale vijana wakubwa wawili, akawatuma mmoja upande huu wa barabara na mwingine upande ule, mbali kiasi cha gari kuweza kusimama, wapunge nguo. Watoto akawaambia wakae chini. Wakakaa. Kisha akamfungua punda wa pili, yule aliyekuwa bado kwenye mkokoteni, akamwongoza polepole mpaka pembeni ya barabara, akasimama naye pale na sahani ya pumba mkononi. Hakumtazama mtoro. Alikuwa anaongea na yule wa pili kama mtu anayesubiri basi na jirani yake.

Haikuchukua hata robo saa. Mtoro alisimama, akageuza masikio, akaja.

Nilimsogelea baadaye. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Nikamuuliza amejuaje kwamba atarudi. Akanijibu, "Huyu hakutoroka aende mahali. Alikuwa anakaa mbali na kinachomuumiza. Ukimfuata na fimbo, umemwambia kwamba hajafika mbali vya kutosha."

Tangu siku hiyo nimeuliza wafugaji wengi, nimewauliza na maofisa mifugo, na majibu yao yanakubaliana kuliko majibu ya wanasiasa. Nayaweka hapa kama nilivyoyaelewa.

La kwanza ni kusimama. Farasi akishtuka hukimbia kwanza, mawazo baadaye. Punda mara nyingi hufanya kinyume: anasimama, anapima. Mababu zake waliishi kwenye nchi kavu yenye mawe, kila mmoja na kikundi chake kidogo, na kukimbia ovyo kwenye mawe ni kuvunjika. Tabia hiyo ndiyo tunayoiita ukaidi. Kumbe ndiyo nafasi yako ya kumpata. Punda aliyesimama anakutazama bado anafikiri. Wewe ukianza kukimbia, umemsaidia kuamua.

La pili ni mwenzake. Punda hushikamana wawili wawili, na wakitenganishwa huweza hata kususa chakula. Mlete mwenzake, nusu ya kazi imekwisha. Kama hana mwenzake, tumia chakula anachokijua kwa sauti anayoijua: pumba kwenye debe, mahindi machache kwenye ndoo. Usimwendee na debe mpaka puani. Tikisa, weka chini, rudi nyuma kidogo.

La tatu ni njia ya kumwendea. Macho yake yapo pembeni ya kichwa. Anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na pale mbele chini ya pua. Ukitokea nyuma utakula teke, na wala hutakuwa na haki ya kusema kwamba shukrani ya punda ni mateke, maana hukumpa cha kukushukuru. Nenda kwa upande wa bega, kwa kupinda pinda, ukiongea. Usimkazie macho. Akisogea, simama. Akitulia, hatua moja. Ukimfikia, usidake kichwa. Mkune shingoni kwanza, halafu kamba ipite taratibu.

La nne ni kamba yenyewe. Usimrushie kitanzi shingoni. Akivuta kitamkaba, akikabwa atapagawa, na hapo hakuna mwanaume wa kumshika. Kamba yako usijizungushie mkononi wala kiunoni, hata kama ni punda wa bibi yako aliyezeeka. Ikunje, ishike, ili siku akichomoka aende na kamba peke yake na vidole vyako vibaki.

Kama yuko uwanja wa wazi na amegoma kabisa, watu watatu au wanne washike kamba ndefu usawa wa kiuno, watembee polepole kama ukuta, wamwelekeze kwenye zizi lililo wazi. Wasimzingire pande zote. Mnyama asiyeona mlango hutengeneza mlango, na mara nyingi anaupitisha kifuani kwako. Dume lililonusa jike ni habari nyingine; hilo mwachie mwenyewe, hata kama umezaliwa shujaa.

Na kama hata hayo yameshindikana, subiri. Punda ana njia zake na saa zake. Jioni kiu itamleta kwenye kisima kile kile anachochotea maji kila siku.

Huku machimboni yapo mawili ya kuongeza. Moja ni maduara. Nenda Nyarugusu au Rwamagasa, ardhi imetobolewa kama chekeche. Mashimo yanayofanya kazi yana watu na taa, yaliyotelekezwa yana nyasi juu. Kumkimbiza punda usiku kwenye eneo kama hilo ni kuwatafutia kaburi wawili. Mtu wa machimboni mwenye akili hupiga mluzi, huwasha tochi, huacha pumba mahali peupe, husubiri alfajiri. Jingine ni barabara. Malori yanayotoka bandari kavu ya Isaka kwenda mipaka ya Rwanda na Burundi hupita Kahama, Ushirombo na Runzewe, na dereva aliyekesha hawezi kumkwepa mnyama wa rangi ya vumbi saa mbili usiku. Ndiyo maana yule mzee wa Katoro alituma watu barabarani kabla hajafanya kitu kingine chochote.

La mwisho wote walilisisitiza kuliko mengine: ukimkamata, usimpige. Najua una hasira, umetembea kilomita nne, umechelewa. Lakini kichwani mwake hataunganisha fimbo na kutoroka. Ataiunganisha na kukamatwa. Leo umemchapa kwa kukubali kuja, na kesho hatakuja. Badala yake mpe ile pumba uliyomwahidi, kisha kagua mgongo wake. Mara nyingi utakuta kidonda chini ya matandiko, na hapo utajua kwa nini kamba ilikatika.

Kwa ufupi, punda hukamatwa siku nyingi kabla hajatoroka. Ukimzoesha kwamba mkono wa mtu ni chakula na mkuno, siku akikata kamba utampata kwa sahani moja ya pumba.

Ningeishia hapa, hii ingekuwa makala ya kilimo na mifugo, ile ya redioni saa kumi na moja alfajiri. Sasa swali langu.

Huko Kishapu nilizungumza na mama mmoja ambaye alikuwa na punda jike, mpole kuliko mbuzi. Alimfundisha mwenyewe tangu mdogo. Akitikisa debe la pumba mlangoni, punda anakuja hata kama yuko ng'ambo ya mbuga. Mwaka 2019, usiku mmoja, punda alitoweka. Kamba haikukatika, ilifunguliwa. Mbwa hawakubweka. Majirani hawakusikia purukushani yoyote. Asubuhi ya pili alikutwa kichakani, ameachwa nyama yote. Kilichochukuliwa ni ngozi.

Mama yule hakulia aliponisimulia. Alisema, "Mimi ndiye niliyemfundisha kumfuata mtu mwenye debe."

Wasomaji wengi mnajua ilikotoka biashara hiyo. China kuna dawa ya asili inaitwa ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda. Zamani ilikuwa ya wachache; kipato kilipopanda, wanunuzi wakawa mamilioni. Punda wao walikuwa kama milioni 11 mwaka 1992, wakapungua hadi chini ya milioni 3. Punda si kuku: jike hubeba mimba mwaka mzima, wakati mwingine zaidi, na huzaa mtoto mmoja. Wakageukia Afrika. Kenya ilifungua machinjio manne, na utafiti wa taasisi yao ya kilimo na mifugo, KALRO, wa mwaka 2019, ulionyesha kwamba ndani ya miaka mitatu, kuanzia 2016 hadi 2018, walichinjwa karibu punda 302,000, sawa na asilimia 15 ya punda wote wa nchi. Sisi tulikuwa na machinjio Dodoma na hapa Shinyanga, yakiwa na vibali. Simnyooshei kidole mtu wala kiwanda kuhusu punda wa yule mama. Aliyemfungua hajulikani mpaka leo. Ninachosema ni kwamba ngozi ikipata bei, mwizi naye anapata kazi.

Hebu fikiria jinsi hii ilivyo mbaya. Tunawaambia watu wazoeshe punda wao, waache fimbo, wawe wapole. Halafu punda aliyezoeshwa hivyo ndiye rahisi kuliko wote kuibwa. Yule mkorofi, anayepigwa kila siku, anayemrukia teke kila anayemsogelea, mwizi atamwacha. Je, upole ni kumnoa mnyama kwa ajili ya kisu cha mwingine? Hili ndilo swali langu, na sikulipata maktaba ya chuo kikuu.

Nilimuuliza yule mama waziwazi kama punda wake wa sasa, maana amenunua mwingine, atamlea kikorofi. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto wa mjini. Akaniambia punda asiyekamatika huwezi kumfunga mkokoteni, huwezi kumtibu kidonda, na siku akiingia barabarani umempoteza bila hata mwizi kutoka kitandani. Kwa hiyo anamzoesha, lakini amebadilisha mambo. Debe ameliacha, maana debe kila nyumba inalo. Anamwita kwa mluzi ambao yeye na wanawe wawili tu ndio wanaoujua. Usiku punda halali tena kwenye mti. Analala ndani ya boma pamoja na mbuzi, karibu na dirisha. Amempiga chapa. Na amewaomba majirani kitu ambacho zamani kingechekesha watu: punda akiibwa, mwano upigwe.

Hapo ndipo aliponigusa. Usukuma na Unyamwezi ndiko sungusungu walikoanzia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu ya wizi wa ng'ombe. Ng'ombe akiibwa, yowe linatoka kijiji hadi kijiji na wanaume wanaamka. Punda akipotea, alivyoniambia, watu walikuwa wanasema tu, "Atarudi, si punda?" Ng'ombe ni mahari, ni heshima, ni mali ya baba. Punda ni maji, na maji yalikuwa kazi ya mama. Labda ndiyo maana hakuna aliyeona kwamba kuna kitu cha kuamkia.

Mambo yamebadilika kiasi. Mwaka 2022 Serikali yetu ilitangaza kusitisha uchinjaji wa punda kwa miaka 10. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15. Ni hatua kubwa, nami nilishangilia. Lakini piga hesabu. Punda akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 30. Aliyezaliwa mwaka ule wa tangazo letu atakuwa na miaka 10 tu mwaka 2032, ndiyo kwanza ana nguvu za kazi. Aliyezaliwa 2024 atakuwa na miaka 15 mwaka 2039. Wote wawili wanaweza kuishi kuliko marufuku zenyewe, na hata leo marufuku ya karatasi hailindi kamba iliyofungwa kwenye mti.

Kwa hiyo jibu la swali langu, kwa kadiri nilivyolipata, si la wanyama. Punda atamwamini mtu. Ndivyo alivyofanya miaka 7,000. Kazi ya kuwajua watu wa kuaminika na kuwazuia wasioaminika haijawahi kuwa yake. Ni ya kijiji, ya wale wanaosikia mluzi usio wa kawaida usiku na kuamua ama kuamka ama kujigeuza upande wa pili.

Nilipoaga, yule mama alipiga mluzi wake ili nione. Punda aliinua kichwa kule bondeni, akaja mbio ndogo ndogo mpaka mlangoni. Nikaomba nijaribu na mimi kwa debe. Alinyanyua sikio moja, akanitazama, akaendelea kula majani.

Mama akacheka. "Huyo amesoma," akasema.